Kwa mama anayenyonyesha, hedhi si dalili ya kwanza

MAMA anayenyonyesha, ambaye hajaona hedhi tangu alipojifungua, anaweza kushika mimba nyingine. Sababu ni kwamba yai hupevuka takriban wiki mbili kabla ya hedhi, na baada ya uzazi yai la kwanza laweza kutoka bila damu yoyote kutangulia. Anayesubiri hedhi ndipo aanze kujihadhari anaweza kuwa amekwisha kuchelewa.

Suala hilo lina uzito wake wilayani Same, mkoani Kilimanjaro. Huko Myamba, katika milima ya Upare, kuna mashamba ya tangawizi. Katika tambarare za Ndungu hulimwa mpunga wa umwagiliaji. Na mjini Same wapo waajiriwa na wafanyabiashara. Kazi hizo zote zaweza kumtenga mama na mtoto wake kwa saa nyingi kwa siku, na utengano huo ndio unaoharakisha kurudi kwa uwezo wa kushika mimba.

Aidha, mji huo ni makao ya Jimbo Katoliki la Same. Waraka wa Humanae Vitae, uliotolewa na Papa Paulo VI mwaka 1968, unawataka waumini wanaopanga uzazi kutumia vipindi vya asili vya mwili. Kwa wanandoa wanaofuata mafundisho hayo, kuzitambua dalili ni jambo la lazima.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mama akae angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba zinazofuatana kwa haraka mno huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo, na humnyima mama nafasi ya kurudisha nguvu na damu yake.

Mtoto anaponyonya, chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo, nao hupunguza homoni zinazochochea mayai kupevuka. Kinga hiyo hutegemea kunyonya kwa mara nyingi, usiku na mchana. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988, walikubaliana kuwa kunyonyesha huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98 iwapo masharti matatu yatatimizwa kwa pamoja: mtoto awe hajatimiza miezi sita; awe ananyonyeshwa maziwa ya mama pekee au karibu pekee; na hedhi ya mama iwe haijarudi. Damu inayotoka kabla ya siku ya 56 baada ya kujifungua haihesabiwi kuwa hedhi kwa mama wa namna hii.

Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena. Hali hiyo yaweza kuanza mtoto anapopewa uji, au anapokaa bila kunyonya kwa zaidi ya saa nne mchana au saa sita usiku. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita walinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Maana yake ni kuwa zaidi ya theluthi moja walikwisha kupewa kitu kingine.

Kwa mama asiyenyonyesha kabisa, yai laweza kupevuka hata kabla ya wiki ya sita.

Dalili inayotangulia ni ute wa mlango wa kizazi. Katika miezi ya mwanzo mama hujihisi mkavu, au huwa na ute usiobadilika siku hadi siku. Homoni zinapoanza kuamka, hali hiyo hubadilika: hujihisi majimaji, kisha ute huwa mwepesi, wenye kuteleza na kuvutika mithili ya ute wa yai bichi. Kanuni ni kuyachukulia mabadiliko yoyote kuwa onyo, na kujizuia na tendo la ndoa hadi siku tatu zipite baada ya ute huo kutoweka.

Kwa mama anayenyonyesha, ute waweza kuja na kutoweka mara kadhaa bila yai kutoka, kwa kuwa mwili unajaribu na kushindwa. Hilo huwachosha wanandoa wengi, lakini kila mara onyo lipewe uzito ule ule. Ute wenye harufu mbaya, au unaoambatana na muwasho, ni dalili ya maradhi na unahitaji tiba.

Joto la mwili hupanda kidogo, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5 za Selsiasi, lakini baada ya yai kutoka. Kwa hiyo huthibitisha yaliyopita, halionyi yajayo. Tena hupimwa asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, baada ya usingizi wa kutosha, ambao mama wa mtoto mchanga huupata kwa nadra. Homa ya malaria nayo huvuruga vipimo.

Kuhesabu siku za kalenda au kutumia shanga za mzunguko hakufai mara tu baada ya uzazi. Shanga huhitaji mama awe ameona hedhi angalau mara nne tangu kujifungua, na mzunguko wake wa mwisho uwe wa siku 26 hadi 32.

Njia hizi zinahitaji ridhaa ya mume, na hazikingi Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Mwenye kuhitaji kinga isiyotegemea uangalizi wa kila siku anaweza kuuliza kuhusu kitanzi, kipandikizi au vidonge vya homoni moja, ambavyo vinaweza kutumiwa na mama anayenyonyesha.

Kwa waajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, na baada ya hapo hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku hizo huisha mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu. Huo ndio wakati wa mama kuanza kuchunguza ute wake kila siku na kuuandika, kabla hedhi haijafika.