Jicho Kuona Ukungu Wiki Kadhaa Baada ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Wengi wanaofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi huanza kuona vizuri siku chache baada ya bandeji kufunguliwa. Wapo wachache, hata hivyo, ambao baada ya mwezi hivi huanza kuona ukungu tena. Jicho haliumi wala haliwi jekundu. Kwa kuwa haliumi, mgonjwa hukaa nyumbani akidhani ni uzee, au kwamba lenzi aliyowekewa imeharibika.

Mara nyingi lenzi ni nzima. Tatizo liko nyuma yake, kwenye retina, utando unaopokea mwanga. Katikati ya utando huo pana sehemu ndogo iitwayo makula, ambayo ndiyo humwezesha mtu kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu. Upasuaji, hata uliofanywa kwa ustadi, huufanya mwili utoe kemikali zinazosababisha mishipa midogo ya damu kuvuja. Maji hujikusanya ndani ya makula nayo ikavimba. Daktari wa Marekani, S. Rodman Irvine, aliieleza hali hii mwaka wa 1953, kwa hiyo si jambo geni kwa wahudumu wa macho.

Mgonjwa huona maandishi yamefifia katikati, rangi zimepauka, au vyuma vya dirisha vimepinda. Ni vyema kufunika jicho moja na kujaribu lingine, kwa sababu jicho zima huficha kasoro ya mwenzake. Wenye kisukari wako katika hatari zaidi, na pia waliowahi kupata uvimbe ndani ya jicho. Hao wanapaswa kumweleza daktari kabla ya upasuaji, pamoja na dawa zote wanazotumia, yakiwemo matone ya glakoma.

Kliniki yenye mashine ya kupiga picha ya retina hutambua uvimbe huo kwa dakika chache bila kumchoma mgonjwa. Tiba huanza kwa matone ya kupunguza uvimbe, na wengi hupona katika miezi michache. Uvimbe sugu huhitaji sindano. Ukiachwa muda mrefu, unaweza kuharibu makula kabisa.

Matone aliyoandikiwa mgonjwa yatumiwe hadi tarehe aliyopangiwa, hata kama anaona vizuri. Kujinunulia matone ya steroidi au kuazima ya jirani ni hatari, kwani huweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya. Na tarehe ya kurudi kliniki isirukwe eti kwa sababu jicho linaona. Hapo ndipo uvimbe wa mapema hugunduliwa.

Maumivu makali, wekundu na kupungua kwa uwezo wa kuona katika siku za kwanza ni jambo tofauti. Huenda ni maambukizi ndani ya jicho, na mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.