Barafu na Afya za Wananchi

Jua la Visiwa vyetu halimwachi mtu bila kiu. Kwa hiyo maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, sharubati ya ukwaju, na mchanganyiko wa embe na nanasi ni vinywaji vya kila siku kwetu, na ni riziki ya wauzaji wengi.

Hata hivyo, usalama wake haulingani. Dafu hulindwa na kifuu chake. Kahawa na chai huchemshwa. Lakini sharubati hutiwa barafu, na barafu ya maji machafu hubaki na vijidudu, kwani baridi haiviui vyote.

Tunakumbuka kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016, Serikali ilipopiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji hadharani. Hatua ile ilikuwa ya lazima. Lakini marufuku huzuia ugonjwa kwa muda tu; haileti maji safi.

Tunaonelea kwamba Mabaraza ya Manispaa na ya Miji yawapatie wauzaji mabomba ya maji yaliyotiwa dawa, na kwamba maofisa wa afya waikague barafu pale inapotengenezwa, wasingoje kumfukuza muuzaji mwenye ndoo. Wauzaji nao wachemshe maji, waoshe gilasi na wafunike vyombo. Nasi wanywaji tusione haya kuuliza barafu imetoka wapi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Ni matumaini yetu kwamba wahusika watalishughulikia jambo hili kabla ya mvua za masika, si baada ya msiba.