Njano na bluu zina "50" ileile, lakini jicho lako halikubali

Siku nawasilisha pendekezo langu la utafiti, nilionyesha ramani ya mvua yenye rangi za upinde wa mvua: bluu kwa mvua kidogo, kisha kijani, njano, na mwisho nyekundu kwa mvua nyingi. Rangi nilizichagua mwenyewe, na kusema kweli nilikuwa najivunia ile ramani. Mjumbe mmoja wa jopo akainua mkono: "Huo mstari unaong'aa hapo katikati ni nini? Kuna mlima?"

Hapakuwa na mlima wala nini. Mvua ilikuwa inaongezeka polepole tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kilichong'aa ni njano. Muda wangu ukaishia kujadili kitu ambacho hakimo kwenye data, na nikarudishwa kwenda kuchora upya.

Kama unatengeneza grafu, bango la mkutano au slaidi, kosa hili linakusubiri na wewe. Basi tuangalie linatoka wapi.

Namba za RGB zinaongea na kioo

Ukifungua kisanduku cha kuchagua rangi kwenye GIMP, Inkscape au Photoshop, utakutana na herufi R, G na B, yaani nyekundu, kijani na bluu. Kioo cha kompyuta kimejaa vitaa vidogo mno vya rangi hizo tatu. Kila namba, kuanzia 0 hadi 255, inasema taa husika iwake kwa nguvu kiasi gani. Zote zikiwa 255 unapata nyeupe, zote zikiwa 0 unapata nyeusi. Nyekundu na kijani zikiwaka kamili na bluu ikazimwa, unapata njano. Ndiyo, njano! Rangi za maji tulizochanganya shuleni zingekupa kitu cha kahawia hivi, lakini mwanga una kanuni zake.

Alama kama #FFFF00 ni namba hizohizo tatu kwa maandishi ya heksadesimali, ambako FF ni 255. Jumla ya michanganyiko ni 16,777,216. Sasa utachaguaje humo?

HSL inasaidia, ila inadanganya kidogo

Hakuna anayewaza rangi kwa nguvu za taa, kwa hiyo programu nyingi zina njia nyingine. Inkscape, kwa mfano, ina HSL. H ni aina ya rangi, ikipimwa kwa nyuzi za duara: nyekundu iko 0, njano 60, kijani 120, bluu 240. S ni kukolea kwake. L ni weupe wake: 0 ni nyeusi kabisa, 100 ni nyeupe kabisa.

Tukisema "bluu iliyokoza" kwa Kiswahili, tunaweza kumaanisha bluu safi isiyo na kijivu ndani yake, au bluu inayoelekea kwenye giza. HSL inayatenganisha hayo mawili, na hilo ni zuri.

Sasa fanya jaribio dogo. Weka H 60, S 100, L 50. Umepata njano. Badilisha H tu iwe 240. Umepata bluu, na L bado inasoma 50. Kwa mujibu wa programu, rangi hizi mbili zina weupe sawa. Haya, andika jina lako kwa herufi nyeupe juu ya kila moja. Juu ya bluu linasomeka vizuri. Juu ya njano limepotea!

Sababu iko kwenye jicho. Tunaona rangi kwa aina tatu za seli za koni, lakini aina hizo hazichangii sawa katika kutuambia kipi kina mwanga zaidi. Aina inayohisi zaidi bluu inachangia kidogo sana. Kwenye kioo cha kawaida, ukichukua mwanga wa nyeupe kama 100 jinsi jicho linavyouhisi, taa ya kijani inatoa karibu 72, nyekundu 21, na bluu 7 tu. Njano ni nyekundu na kijani kwa pamoja, kwa hiyo inafika 93. Bluu inabaki na 7 yake. Tofauti ni karibu mara 13, na L ya HSL haikuambii kitu.

Ndiyo maana ramani yangu ilizua mlima. Namba za mvua zilipanda taratibu, lakini mwanga wa rangi ulipanda hadi kwenye njano kisha ukashuka kwenye nyekundu. Jicho lilifuata mwanga.

Chagua mwanga kwanza, rangi baadaye

Kuna mifumo iliyoundwa kufuata jicho. Mmojawapo ni CIELAB wa mwaka 1976, na GIMP inakupa sura yake iitwayo LCH pembeni ya namba za kawaida. Humo, L ya njano yetu ni kama 97, na ya bluu ni kama 32. Hapo angalau jicho na namba vinaelewana.

Kwa kazi zako, mambo matatu yanatosha kuanzia.

Moja: kama rangi zinaonyesha kiasi (mvua, joto, idadi ya wagonjwa), mwanga uende upande mmoja tu, kutoka giza hadi weupe au kinyume chake. Matplotlib, maktaba ya michoro ya Python, iliacha rangi za upinde kama chaguo lake la kawaida na kuweka viridis kwenye toleo la 2.0 la mwaka 2017. Viridis inaanza na zambarau ya giza na kuishia kwenye njano, na mwanga wake haurudi nyuma hata mara moja.

Mbili: kama rangi zinatenganisha makundi tu, usitegemee nyekundu dhidi ya kijani peke yake. Kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini, karibu mwanaume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200 hupata shida kuzitofautisha. Kiwango hutofautiana kati ya jamii. Ongeza kitu kingine: mstari wa nukta, umbo tofauti, au jina la kundi pembeni ya mstari wenyewe. GIMP ina kichujio kwenye menyu ya View kinachokuonyesha mchoro kama anavyouona mtu mwenye upofu wa rangi.

Tatu: kwa maandishi, pima tofauti ya mwanga kati ya herufi na mandharinyuma. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nyeupe juu ya bluu yetu inapata karibu 8.6 kwa 1. Nyeupe juu ya njano inapata 1.07 kwa 1, yaani karibu na hakuna kitu.

Na kama huna muda wa namba zote hizi, kuna kipimo cha stesheneri: toa kopi ya nyeusi na nyeupe. Si ndivyo tasnifu zetu zinavyosambaa, kwa sababu kopi ya rangi ni ghali? Kama ramani bado inaeleweka kwenye kopi hiyo, umechagua vizuri. Yangu ya kwanza ingefeli: bluu na nyekundu iliyokoza zingetoka kijivu kinachokaribiana, mvua kidogo na mvua nyingi zikafanana.

Niliichora upya kwa viridis. Siku ya kurudia, yule mjumbe aliniuliza kuhusu vituo vya kupimia mvua na kwa nini ni vichache upande wa magharibi. Swali gumu kuliko la kwanza, lakini angalau lilihusu data yangu.