Je, wajua? Seva nayo huwa mahame

Mahame ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakaachwa. Misingi ya nyumba inaonekana, mwembe bado unazaa, lakini hakuna wa kupiga hodi wala wa kuitikia. Mahame yapo pia ndani ya kompyuta. Mchezo wa intaneti uliojengwa kwa ajili ya maelfu unaweza kubaki na watu thelathini. Soko lipo, walinzi wamesimama langoni, taa zinawaka usiku kucha, na mgeni anazunguka mji mzima asikutane na mtu. Hapo wenye mchezo hulazimika kuunganisha seva, yaani kuwahamisha wakazi wa miji miwili au mitatu iliyopwaya na kuwaweka katika mji mmoja. Sisi wa Likasi, Katanga, tuna sababu ya kuielewa kazi hiyo upesi, maana mji wetu wenyewe ulijengwa kwa kukusanya watu.

Seva ni kompyuta isiyolala. Haina kioo cha kutazamia wala mtu wa kuikalia mbele. Iko kwenye chumba chenye baridi, inapokea habari kutoka kwa kila mchezaji na kumjulisha kila mmoja wenzake wamefanya nini. Umeme unaoilisha hupita kwenye shaba, na shaba ndiyo iliyoufanya mji wetu uwepo. Kiwanda cha Shituru kimekuwa kikisafisha shaba kwa umeme tangu mwaka 1929. Huenda kipande cha Likasi kimo ndani ya mashine hizo, ingawa hakuna anayeweza kukionyesha kwa kidole.

Mashine moja ina kikomo. Watu 100 wakisimama uwanja mmoja, kila hatua ya mmoja lazima wajulishwe wengine 99, na hiyo ni karibu habari 10,000 kwa mpigo mmoja. Wakiwa 200, habari haziongezeki mara mbili bali mara nne. Ndiyo sababu Ultima Online, mchezo uliotoka Septemba 1997, haukuwaweka wachezaji wote katika dunia moja. Watengenezaji waliinakili dunia yao mara nyingi na kuwagawa watu. Kisha wakatunga hadithi ya kuhalalisha jambo hilo: jiwe la mchawi Mondain lilipovunjwa, kila kigae kilibaki na sura ya dunia nzima ndani yake. Naipenda hadithi hiyo kwa sababu inasema kweli kuhusu mashine. Kila seva ni kigae, na wanaoishi katika kigae kimoja hawawaoni wa kigae kingine.

Taabu huanza watu wanapopungua. New World, mchezo wa kampuni ya Amazon, ulifunguliwa tarehe 28 Septemba 2021, na siku chache baadaye zaidi ya wachezaji 900,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja. Kila seva ilipangiwa watu wapatao 2,000. Ukigawanya utaona zilihitajika seva kama 450, na kweli zilifunguliwa mbio mbio huku watu wakisubiri foleni kwa saa nyingi. Miezi michache baadaye wengi wao walikuwa wameondoka, na kuunganisha kukaanza. Sidhani walikosea kufungua nyingi, maana anayengoja saa sita mlangoni harudi kesho. Lakini idadi ya siku ya kwanza ni idadi ya wageni wa arusi. Huwezi kujenga nyumba kwa kuhesabu wageni hao.

Fikiria seva ya watu 2,000 iliyobaki na 200. Mtu ataona hao bado ni wengi. Sasa katika michezo ya aina ya World of Warcraft, kuingia kwenye pango hutaka watu watano: mmoja wa kupokea mapigo, mmoja wa kuponya, watatu wa kushambulia. Kati ya wale 200, walio ngazi yako ni labda 20. Waponyaji kati yao ni wawili, na mmoja yuko kazini. Unangoja nusu saa, unachoka, unazima. Ukizima wewe, anayekuja nyuma yako atangoja dakika arobaini. Seva hufa hivyo, kwa kusubiri, na kadiri watu wanavyoondoka ndivyo waliobaki wanavyopata sababu ya kuwafuata.

Kwa hiyo wahandisi hawahesabu akaunti. Wanahesabu walio ndani saa ya kilele. Tofauti hiyo tumeishi nayo. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines waliachishwa kazi katika Katanga kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hapa Likasi wengi wao walibaki mjini. Kazi ndiyo iliyoondoka. Ungehesabu vichwa ungesema mji umejaa, ungehesabu wanaoamka alfajiri kwenda zamu ungepata jibu lingine.

Kuunganisha kwenyewe huanzia kwenye hifadhidata. Kila mtu, kila upanga, kila barua ndani ya mchezo ina namba yake, na kila seva ilianza kuhesabu kutoka moja. Seva A ina upanga namba 5,000, seva B nayo ina namba 5,000 ambayo ni kofia. Ukizimwaga pamoja bila kuzipa namba upya, mtu ataamka na kofia ya mwenzake mkononi, na barua ya Petro itamfikia Paulo. Lazima kila namba ibadilishwe, pamoja na kila mahali namba hiyo ilipotajwa: sanduku, orodha ya marafiki, daftari la chama cha wachezaji. Nakala ya akiba huwekwa kwanza, seva huzimwa, na wahandisi hukesha.

Namba ni rahisi kuliko majina. Namba haina uchungu. Mtu aliyeitwa Simba miaka mitano akihamishwa akamkuta Simba mwingine, mmoja lazima akubali kuitwa kitu kingine. Michezo mingi ilimlazimisha anayehamia abadilishe jina. Blizzard, wenye World of Warcraft, walipounganisha seva zao mwaka 2013 walichagua njia ambayo mimi naiona ya adabu zaidi: kila mtu alibaki na jina lake, na mwishoni mwake kikaongezwa kistari na jina la seva alikotoka. Sisi hufanya hivyo bila kompyuta. Kukiwa na akina Kalala wawili, mmoja ni wa mtaa wa Panda na mwingine wa Kikula, mambo yamekwisha. Na mji huu wenyewe uliwahi kubadilishiwa jina, ukatoka Jadotville ukawa Likasi mwaka 1966. Jina la kwanza lilikuwa la mhandisi Mbelgiji, Jean Jadot.

Baada ya majina huja bei. Kila seva ina soko lake, na chuma kilichokuwa adimu upande mmoja kinaweza kuwa kimerundikana upande wa pili. Siku ya kuunganisha, tajiri wa jana anaamka maskini kwa sababu tu soko limepanuka. Kisha vyama: seva mbili zilikuwa na mabingwa wawili, na mji mpya una kiti kimoja. Hapo ndipo watu huondoka hasa, hata idadi ikiwa imeongezeka.

Kinachowaunganisha wageni ni mazoea mapya, na hayo hakuna mhandisi anayeweza kuyaandika. Hapa kwetu kampuni ya madini ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Lomami, Rwanda, Burundi na Zambia ya leo, na kuanzia mwaka 1928 ikawataka wakae na familia zao kambini. Kampuni ilikipendelea Kiswahili, lakini waliokigeuza kuwa lugha ya kubembelezea mtoto ni mama wa kambi wenyewe. Hicho ndicho Kiswahili tunachokisema.

Neno “kuunganisha” lenyewe huogopwa na wenye michezo, maana masikioni mwa wachezaji ni tangazo la msiba. Star Wars: The Old Republic ilipozipunguza seva 17 kuwa 5 mwezi Novemba 2017, ilitangaza habari hiyo kama umoja wa majeshi. Afadhali wangesema wazi. Mtu anayehamishwa ana haki ya kujua kwa nini.

Wako waliokataa vigae tangu mwanzo. EVE Online, mchezo wa Iceland ulioanza Mei 2003, huwaweka karibu wote katika ulimwengu mmoja; Wachina tu ndio wana wao. Tarehe 27 Januari 2014 vita vilizuka humo mahali paitwapo B-R5RB, vikaendelea kwa muda wa saa 21 hivi, na wachezaji zaidi ya 7,500 wakashiriki. Mashine ingeweza kuanguka. Badala yake ilipunguza mwendo wa saa ya mchezo hadi sehemu moja ya kumi: risasi iliyostahili kufika kwa sekunde moja ilichukua kumi, kwa kila mtu sawasawa. Sijui ufundi wa seva ulionipendeza kuliko huo. Wakati ulinyooshwa ili asitolewe mtu.

Kuna gharama moja ambayo haitajwi sana, na inatuhusu sisi tulio mbali na mashine. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Likasi hadi Johannesburg ni kama kilomita 1,700 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 17. Hadi Ulaya ni karibu kilomita 7,000, nayo ni milisekunde 70, kabla hujahesabu kona za nyaya zinazoufuata ufuo wa bahari. Seva ya karibu ikifungwa na watu wake kupelekwa mbali, pingi, yaani muda wa habari kwenda na kurudi, hupanda na hakuna mega za kununua zitakazoishusha. Waaustralia wanalijua hilo. Mwaka 2013 mchezo ule ule wa Star Wars ulifunga seva zao na kuwapeleka za Marekani. Walingoja hadi 2023 kupata nyingine ya karibu.

Lakini kwa saa tumebahatika. Saa yetu ya Katanga ni ile ile ya Johannesburg, na wakati wa kiangazi cha Ulaya ni ile ile ya Paris. Kijana wa Shituru akifungua simu yake saa mbili usiku, umeme ukiwepo, anaingia saa ileile seva hizo zinapofurika. Akiingia saa tisa usiku mambo hugeuka, watu ni wachache. Baadhi ya michezo, Fortnite ikiwa mmojawapo tangu 2019, huchanganya roboti kati ya watu, na uwanja huonekana umejaa. Wazoefu huwatambua kwa namna wanavyosimama wima wakipigwa risasi, bila kutafuta ukuta wa kujificha.