Msimamizi Asiyefundishwa Ni Gharama kwa Mwenye Mali

Mfanyabiashara anapopiga hesabu za mwezi huandika pango, umeme, mishahara, ushuru na usafiri. Gharama moja haionekani katika daftari lake, nayo ni hasara inayoletwa na msimamizi aliyepewa cheo bila kufundishwa kusimamia. Hasara hiyo hujitokeza kwa sura nyingine: mzigo uliorudishwa na mteja, mashine iliyosimama nusu siku, fundi mzuri aliyehamia kwa mshindani.

Utaratibu uliozoeleka katika karakana, maghala na viwanda vidogo ni kumpandisha cheo yule anayefanya kazi vizuri kuliko wenzake. Fundi cherehani hodari anaambiwa Jumatatu kuwa yeye sasa ndiye mkuu wa zamu. Mmoja huendelea kushona mwenyewe huku mafundi kumi wakisubiri kugawiwa kazi. Mwingine hugeuka nyapara kwa maana ile ya mashamba ya mkonge, mtu wa kufoka na kuhesabu vichwa. Kwa vyovyote, mwenye mali amempoteza fundi wake bora na hajapata msimamizi.

Mfano unaoonyesha thamani ya suala hili kwa mwekezaji ni wa kiwanda cha magari cha Fremont, California, nchini Marekani. Kampuni ya General Motors ilikifunga mwaka 1982 baada ya miaka ya migogoro, utoro na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia wa kampuni hiyo na Toyota ya Japani, kwa jina la NUMMI. Majengo yalikuwa yale yale, chama cha wafanyakazi kile kile, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale walioachishwa. Utoro uliokuwa ukitajwa kufikia asilimia 20 ulishuka hadi kiasi cha asilimia 2 hivi, na ubora wa magari ukapanda kwa kiwango kilichowashangaza Wamarekani wenyewe.

Kilichobadilika zaidi ni usimamizi. Kabla ya kazi kushika kasi, viongozi wa vikundi wapatao 450 walipelekwa Japani kwa wiki tatu kujifunza, wakifanya kazi bega kwa bega na wenzao wa huko. Waliporudi, kila kikundi kidogo kilikuwa na kiongozi aliye karibu, anayeitwa kwa kuvuta kamba pale mfanyakazi anapokwama. Ni haki kuongeza kwamba mafunzo hayakusimama peke yake, kwani wafanyakazi walikuwa wameahidiwa pia kwamba hawatapunguzwa ovyo soko likilegea. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2010, baada ya General Motors kufilisika na kujitoa katika ubia. Usimamizi mzuri haumkingi mtu na mbia aliyefilisika.

Njia ya kufundishia wasimamizi iliyokuzwa na Toyota ilikuwa na asili yake Marekani. Kati ya 1940 na 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya nchi hiyo viliingiza watu wengi ambao hawajawahi kushika mashine. Serikali ikaanzisha mpango ulioitwa TWI, uliowapitia wasimamizi zaidi ya milioni moja na nusu. Somo la jinsi ya kumfundisha mtu kazi lilichukua saa 10 tu, yaani vipindi vitano vya saa mbili. Baada ya vita mpango huo ulipelekwa Japani.

Hatua zake ni nne, na zinafaa ghalani kama zinavyofaa kiwandani. Tuchukue mpokeaji mpya wa mahindi. Msimamizi asiyefundishwa humwambia, "Angalia vizuri mzigo usiwe mbichi," kisha anaondoka. Aliyefundishwa huanza kwa kumtuliza kijana na kuuliza anajua nini kuhusu mahindi. Pili, humwonyesha namna ya kuchoma gunia kwa bambo, juu, katikati na chini, huku akimweleza sababu: muuzaji mjanja huweka mahindi makavu mdomoni mwa gunia na mabichi katikati, na unyevu ukizidi asilimia 13.5, ambacho ni kiwango cha juu cha Afrika Mashariki, mzigo huota ukungu ukiwa stoo. Tatu, humpa bambo afanye mwenyewe, akieleza kwa mdomo kila anachofanya na kwa nini. Hapo ndipo wengi hukatisha, kwa kuwa foleni ya malori ni ndefu. Nne, humwacha afanye peke yake, akijua wa kumuuliza, na hurudi kumkagua mara nyingi siku za mwanzo, kisha mara chache.

Dakika 30 zilizotumika hivyo ni rahisi kuliko gunia 200 zilizokataliwa na msagishaji.

Upande wa nidhamu una gharama zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki anapomwachisha mtu kazi. Sheria hiyo, kama ilivyotungwa, iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo haki. Msimamizi anayesema "toka, usirudi kesho" mbele ya mashahidi anaweza kumpeleka tajiri wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hata kama mfanyakazi alikuwa na kosa kweli. Onyo la maandishi na nafasi ya kujieleza havigharimu hata shilingi mia.

Mwenye hisa chache naye hana sababu ya kukaa kimya. Taarifa za mwaka za kampuni zilizo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hueleza kwa kirefu mitambo iliyonunuliwa, lakini mara nyingi husema machache juu ya watu wanaoisimamia. Katika mkutano mkuu wa mwaka mwanahisa anaweza kuuliza: wakuu wa zamu wangapi wamepata mafunzo mwaka huu, wangapi wameacha kazi, na kesi ngapi za kuachishwa kazi zinaisubiri kampuni.