Israfu Iliyomo Jikoni



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), twapenda leo kuzungumza habari ya mahali ambapo hotuba za Ijumaa hazifiki mara nyingi, napo ni jikoni. Aya ya 31 ya Sura ya Al-Aaraf imeturuhusu kula na kunywa, na hapo hapo ikatukataza israfu. Basi israfu yatupasa kuitafuta kwanza chunguni, kabla ya kuitafuta katika majumba ya wakubwa.

Wengi wetu hudhani kuwa israfu ni ugonjwa wa matajiri. Hesabu yasema vingine. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2024 kwamba chakula kilichotupwa duniani katika mwaka 2022 kilikuwa tani bilioni 1.05, na kiasi cha asilimia 60 yake kilitoka majumbani, si hotelini wala madukani. Tena tofauti baina ya nyumba za nchi tajiri na za nchi zenye kipato cha kati ilionekana kuwa ndogo.

Sisi tulio Miburani, katika kisiwa cha Mafia, tuna sababu nyingine ya kujihesabu. Bidhaa za dukani hutufikia kwa kuvuka bahari. Biskuti huliwa, mafuta hupikiwa, maji hunywewa. Mfuko na chupa havipandi chombo kurudi bara. Tukisema “tumetupa”, maana yake tumeweka katika shamba la jirani au ufukweni. Ganda la muhogo huoza likawa udongo, lakini plastiki haiozi hivyo; jua huikausha, ikavunjika vipande vidogo visivyookoteka. Nayo ikichomwa hutoa moshi wenye sumu, na anayeuvuta kwanza ni yule mama aliyewashia moto kwa mfuko.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na ndugu zetu wa Zanzibar walitangulia mwaka 2006. Hatua hiyo ni njema, ila haikugusa kila kifungashio kiingiacho jikoni. Hilo limebaki mikononi mwetu. Na kwa kweli twaona haya kulisema, kwani kisiwa hiki kimejaa minazi na miti ya jamii yake: pakacha la kubebea samaki, kikapu cha ukili cha kuendea dukani, na kawa la kufunikia chakula vyote vyatoka mtini. Bibi zetu hawakuhitaji kufundishwa haya.

Katika bahari yetu, ambako Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, wamo kasa wa kijani na ng'amba. Kasa auonapo mfuko ukielea huweza kuudhania yavuyavu akaumeza, nao ukaziba njia ya chakula. Mnyama huyo hufa kwa njaa hali tumbo lake limejaa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani. Je, kasa naye hana njia?

Turudi kwenye chakula, maana hapo ndipo penye kazi kubwa. Wali wa nazi ni mtamu, lakini tui huchacha upesi katika joto letu. Mpishi mwenye busara hupima mchele kwa idadi ya walaji, wala hapimi kwa ukubwa wa sufuria. Na akiwa hana hakika ya wageni, hupika wali mkavu na kuweka tui katika mchuzi, tena kiasi cha mlo mmoja tu. Kiporo nacho kina adabu zake. Wali ulioachwa katika joto usiku kucha huweza kuota vijidudu ambavyo sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto. Kwa hiyo asiyekuwa na jokofu heri apunguze kipimo cha jioni kuliko kutegemea kiporo cha asubuhi. Samaki waliozidi watiwe chumvi, waanikwe wawe ng'onda. Machicha ya nazi wapewe kuku, na maganda yafukiwe kwenye shina la mgomba.

Lakini si mlo wa kila siku unaotusikitisha zaidi, bali shughuli. Tumeshuhudia baada ya arusi pilau ikikombwa kutoka masiniani na kumwagwa shimoni, kando yake rundo la chupa za maji, na nyumba ya tatu kutoka hapo moto haukuwashwa tangu asubuhi. Katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimwagiza Abu Dharr apikapo mchuzi auzidishe maji, kisha awakumbuke jirani zake. Wapishi wetu wa shughuli wangeanza hapo. Sahani ya jirani ipakuliwe mapema, chakula kingali cha moto, ifunikwe kawa na kupelekwa na mtoto kabla wageni hawajakaa mkekani. Ikingojwa hadi usiku, wageni wakiisha kushiba, tui limekwisha kuchacha.