Namba Ubavuni mwa Boti ya Mpira

Masasi haina bandari. Anayetaka maji ya chumvi hupanda basi kwenda Lindi au Mtwara, na anayetaka maji ya kuelea chombo hushuka kusini, apite Mangaka, mpaka aukute mto Ruvuma. Kwa hiyo mchoraji wa mabango wa karibu na stendi aliponiita mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, nilidhani ananiita kwa ajili ya ukuta wa duka. Nikamkuta amekalia ndoo, mbele yake boti ya mpira ya kijivu imejazwa upepo. Ubavuni imeandikwa namba kwa rangi nyeupe ya mafuta, na namba yenyewe inabanduka vipande vipande kama nyoka anayejivua gamba.

“Mzee, hii mara ya tatu,” akaniambia. “Mwenye boti anasema kazi siijui.”

Kazi anaijua. Vinyozi nusu ya mtaa wameandikiwa na mkono wake, na maandishi yao yamevumilia jua la miaka. Tatizo ni kwamba boti ya mpira haikubali kuandikwa hivi hivi. Ukuta wa saruji umekaa palepale asubuhi hadi jioni, wakati boti inavimba na kunywea kila siku, tena inakunjwa na kutiwa kwenye mfuko safari ikiisha.

Tuanze na huo uvimbe, maana wengi hawaupigii hesabu. Boti ndogo ya aina hii hujazwa upepo kidogo sana ukilinganisha na gari: geji ya fundi matairi itasoma PSI 3.6 hivi, wakati tairi la gari dogo lina kama 30. Ukiijaza asubuhi joto likiwa nyuzi 25, kisha ukaianika mchangani mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 55, msukumo wa ile hewa huongezeka kwa sehemu moja ya kumi. Sehemu moja ya kumi inaonekana ndogo, lakini hesabu yake inajumlisha na mgandamizo wa hewa ya dunia nzima inayotuzunguka, ambao geji haiusomi. Kwenye geji utaona PSI 3.6 imekuwa 5.4, yaani imeongezeka nusu yake. Kitambaa cha boti kinavutika, na rangi ya mafuta iliyokwisha kukauka haivutiki. Inapasuka nyufa, maji yanaingia chini yake, na kesho yake inabanduka. Stika za kawaida nazo huanzia kwenye pembe: kona moja ikinyanyuka, kidole cha mtoto au mchanga wa fungu unamalizia iliyobaki.

Halafu kuna kitambaa chenyewe. Boti nyingi za bei nafuu ni PVC, ndugu wa turubai la lori. PVC laini imechanganywa na mafuta maalumu ya kuilainisha, na mafuta hayo hayatulii. Hupanda juu polepole mwaka hadi mwaka, na rangi yoyote ya kawaida iliyopakwa hapo huwa kama uji, ukiigusa inanata. Boti za bei kubwa, hasa za zamani, hutengenezwa kwa mpira unaojulikana kwa jina la Hypalon, ambao kampuni ya DuPont iliacha kuutengeneza mwaka 2010 ingawa viwanda vingine vinatoa wa namna hiyo hadi leo. Aina hizi mbili hazitumii gundi moja. Anayenunua boti iliyotumika aulize ni kitambaa gani kabla ya kununua kopo la gundi. Muuzaji akiwa hajui, sugua kidogo kwa msasa laini mahali pa kificho: mpira wa Hypalon hutoa vumbi na kukwaruzika, PVC huelekea kulainika na kung'aa.

Mchoraji alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo ndilo lenyewe hasa: “Sasa hii namba inasomwa na nani?”

Watu wengi hujibu kwamba inasomwa na doria iliyo ng'ambo. Tuipime hiyo ng'ambo. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010 kutuunganisha na Msumbiji, lina urefu wa mita 720. Chukulia boti iko katikati, mita 360 kutoka kila upande. Jicho zima la binadamu, mchana mweupe, linaweza kutambua herufi ya sentimita 10 kwa umbali wa mita 70 hivi, ikizidi hapo inakuwa doa. Herufi ya sentimita 30 hufika kama mita 200. Ili msomaji wa ukingoni aisome namba ya boti iliyo katikati, herufi ingetakiwa kuzidi nusu mita, na bomba la upepo la boti ndogo, lile duara la ubavuni, kwa kawaida lina kipenyo cha sentimita 40 tu. Haiwezekani. Na hapo sijahesabu mng'ao wa jua juu ya maji, wala ukungu wa asubuhi ambao watu wa Newala huutazama kutoka juu umelala bondeni kama pamba.

Basi namba hii haimsubiri mtu wa ng'ambo. Inamsubiri aliyekaribia: askari wa doria aliyesogeza chombo chake ubavuni, na zaidi yake, mtu atakayeiokota boti tupu. Boti ya mpira ni nyepesi, kamba ikifunguka usiku inaondoka na mkondo bila kumtoa mtu jasho. Ikikutwa imekwama kwenye mafungu ya mchanga chini huko, swali la kwanza si ya nani. Swali ni waliokuwemo wako wapi. Yenye namba inajibiwa kwa simu moja: mwenyewe yupo nyumbani, anaitafuta tangu jana. Isiyo na namba inaweza kuwapeleka watu majini, mahali penye mamba na viboko, kutafuta miili ambayo haipo. Marekani walichoka na safari hizo za bure kiasi kwamba walinzi wao wa pwani hugawa stika za kuandika jina na simu, zibandikwe hata kwenye vijitumbwi vya makafi ambavyo mara nyingi havidaiwi usajili. Kwetu kuna sababu ya ziada: Ruvuma ni mpaka, na tangu vurugu za Cabo Delgado, upande wa Msumbiji, zianze mwaka 2017, chombo kisicho na mwenyewe kinachoelea pale hakichukuliwi kama kitu cha mchezo na upande wowote.

Ukishajua msomaji ni nani, mengine hujipanga. Huhitaji ukubwa wa kutisha, unahitaji kusomeka bila kubahatisha. Viwango vya alama za vyombo vya uvuvi vilivyopitishwa chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1989 vinataka herufi zisizopungua sentimita 10 kwa chombo cha chini ya mita 5, na sentimita 30 kwa chombo cha mita 5 hadi 12. Vinataka pia unene wa mstari uwe sehemu moja ya sita ya kimo cha herufi, na rangi iwe nyeupe juu ya nyeusi au nyeusi juu ya nyeupe. Marekani hutosheka na inchi 3, sentimita 7.6, ila wanashikilia kwamba namba ikae nusu ya mbele ya chombo, pande zote mbili, kwa rangi inayopingana na ya boti. Nyeupe juu ya kijivu, kama ya rafiki yangu, haipingani na kitu.

Herufi ziwe wima na za mraba. Hapa niligusa mahali panapouma, kwa sababu mchoraji wetu ni fundi wa madoido: herufi zake zina kivuli, zina mkia, S yake imejikunja kama chatu. Zinapendeza kwenye saluni. Majini S hiyo ni 5, B ni 8, na sifuri yenye pambo katikati inaweza kuwa chochote. Angalia kibao cha bodaboda: hakuna aliyekichora ili kipendeze, na ndiyo maana trafiki anakisoma pikipiki ikiwa mbioni.

Mahali pa kuiweka panahitaji kutazama boti imejazwa upepo, iko majini, na watu wamo. Bomba ni mviringo. Ukiandika juu sana namba inatazama mbinguni, ukiandika chini sana inazama au inasuguliwa na mchanga kila mnapoiburuta kiangazi, mto ukiwa mafungu matupu. Kwa bomba la sentimita 40, ukanda unaosomeka vizuri kwa mtu aliye ubavuni una kimo cha kama sentimita 20. Mimi huusogeza juu kidogo ya katikati, kwa sababu msomaji mara nyingi amesimama. Kule omo, yaani mbele kabisa, bomba linapinda kuelekea ndani, kwa hiyo rudi nyuma ya pale linapopinda, ila usivuke nusu ya chombo. Tazama pia kamba ya kushikia inapita wapi. Nimeona namba safi kabisa iliyokatwa kati na kamba, ikasomeka kama namba mbili.

Kuna kosa jingine ambalo mafundi hulifanya kwa nia njema. Wanaamini namba lazima ianzie omo pande zote. Upande wa kushoto wa boti hilo linakubali, maana ukitazama kutoka nje, omo iko kushoto kwako. Upande wa kulia omo iko kulia kwako, na ukianzia huko utakuwa umeandika namba kinyumenyume. Pande zote mbili isomwe kushoto kwenda kulia kama kitabu, hata kama upande mmoja herufi ya kwanza itakaa karibu na tezi, yaani nyuma.

Na kuiandika kwenyewe? Ushauri wangu: usiandike kwenye boti. Kata kipande cha kitambaa cha aina ileile, zifanye kona zake ziwe mviringo zisiwe na mahali pa kushikwa, kilaze mezani, andika juu yake kwa rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya mpira au PVC, rangi inayovutika. Au kata herufi zenyewe kutoka kitambaa cha rangi nyingine. Pima boti ikiwa imejaa, weka alama kwa penseli, kisha itoe upepo, isafishe, ipitishe msasa mwepesi na ugandishe kipande ikiwa imelala bapa. Usiijaze upepo kabla ya siku nzima kupita. Gundi hizi zinachukia unyevu, hivyo kazi ya mwezi wa pili hapa kwetu ni kazi ya kujitafutia lawama. Subiri kiangazi. Asiyeweza kusubiri afunge kibao laini cha turubai nene kwenye pete za boti, kwa kamba, pembe zote nne. Kuna nchi ambazo sheria inaruhusu kibao pale umbo la chombo linapoficha namba, bora tu kisipepee. Bati na mbao nilimkataza mchoraji: pembe zake zitatoboa boti kabla namba haijasomwa na yeyote.

Jambo la karatasi nitalipita haraka, ingawa ndilo linalopaswa kutangulia rangi. Mchoraji hatoi namba. Bara, vyombo vya majini viko chini ya TASAC, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kupokea kazi hiyo kutoka SUMATRA. Zanzibar wana mamlaka yao, ZMA. Chombo cha kuvulia samaki kina njia yake pia, kupitia maafisa uvuvi wa halmashauri chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na leseni ya kuvua ni karatasi nyingine inayolipiwa kila mwaka. Kuwa na namba hakukupi leseni. Mwenye boti yetu alikuwa ameleta namba iliyonakiliwa kutoka kwenye kibandiko cha nyuma, karibu na ubao wa kufungia mashine. Hiyo ni namba ya kiwanda, mfuatano wa herufi na tarakimu unaosema nani alitengeneza na lini. Mchoraji wa watu alikuwa amebandua na kuandika upya mara tatu namba ambayo si ya usajili. Kibandiko hicho kisipakwe rangi wala kufunikwa, maana hapo hapo huandikwa idadi ya watu, uzito na ukubwa wa mashine ambayo boti inaweza kubeba.

Mwenyewe alikwenda kufuatilia, ikachukua wiki kadhaa. Alirudi na namba halali mvua zikiwa zimekatika, na tukaifanya kazi uani kwa mchoraji, vipande viwili vyeusi vyenye herufi nyeupe za sentimita 15, hazina mkia. Ileile namba tukaiandika kwenye tangi la mafuta, kwenye makafi na kwenye kila jaketi la kuokolea, kwa kalamu ya wino usiofutika.

Nilipomwambia bado kimoja, tuigeuze boti tumbo juu, akacheka. “Huku chini ataona nani, Mzee?”

“Atakayeikuta imepinduka.”

Akanyamaza kidogo, akachukua rula. Ile ya chini aliiandika kwa sentimita 25, kubwa kuliko zote, kwa sababu tumbo la boti ni bapa na nafasi ipo.